Safari ya Firenze, Alikozikwa Mama

Niliondoka Kasongo, kwetu Kongo, kwa sababu mbili, moja ya kusema mbele za watu na nyingine ya mama. Ile ya mbele za watu ilikuwa mikeka. Chama kimoja cha wanawake wa Firenze, mji wa kale wa Italia, kilikuwa kimeona mikeka yetu kupitia mtawa aliyewahi kufundisha huku, kikataka wasusi wawili waende kuionyesha sokoni kwao. Nikachaguliwa mimi, Zaina, mwalimu niliyeacha ubao kwa sababu mshahara uligeuka hadithi. Mwenzangu alikuwa mama Leoni wa Kabambare, mkulima na Mkatoliki kweli kweli, ambaye akishika ukindu sisi wengine tunaweka vyetu chini na kutazama.

Sababu ya mama ilikuwa Ramazani, mdogo wangu, kitinda mimba wa nyumba yetu. Aliondoka akiwa kijana, akaenda mbali, kisha akanyamaza. Miaka ilipita bila simu. Watu wakasema kazama baharini pamoja na wenziwe. Majirani wakaja na sufuria zao kutaka tuweke matanga, na mama akawafukuza na fimbo.

Hapa lazima nieleze jambo la kwetu, maana bila hilo safari hii haisimuliki. Mtu akililiwa matanga kisha akarudi hai, na wakati wa vita walirudi wengi kutoka porini, haruhusiwi kuingia kwa mlango wa mbele. Mlango wa mbele ni wa wazima. Yeye huzunguka nyuma ya nyumba, akaketi chini uani, na hali wala hanywi, wala hakuna anayekula au kunywa naye, mpaka mmoja wa waliomlilia amlishe tonge la kwanza kwa mkono wake. Hapo ndipo anahesabiwa mtu tena. Mjomba wetu alishinda uani kutwa nzima akimngoja mkewe arudi kutoka shamba la mpunga, kwa kuwa yeye ndiye aliyelia. Waislamu wa mjini tunalifuata, Wakristo wa mashambani wanalifuata. Shehe anakohoa, padri anatazama pembeni, na kuku anachinjwa.

"Miye sitamulilia," mama aliwaambia majirani. "Nikimulilia atanipitia nyuma kama mufu. Mutoto wangu atapita mulango ya mbele."

Na siku moja simu ikalia, Ramazani huyo, mzima, yuko Italia. Mama alicheka mpaka akakaa chini. Tangu siku ile amekuwa akipiga mara mojamoja, na kila mara anasema anakuja mwakani. Mwakani huo umekuwa mrefu. Wakati huohuo ukungu uliingia machoni mwa mama, na kila masika unazidi. Basi niliposema naitwa Firenze, hakuuliza habari ya mikeka hata kidogo.

"Umwambie akuje wakati niko bado naona," aliniagiza. "Kisha macho ikifunga, atakuja kufanya nini? Nimushike-shike uso kama mutu anachagua papai?"

Siku ya kuondoka, mama Leoni alikuwa ameshafika kwetu kutoka Kabambare kwa pikipiki, tope mpaka kwenye kitambaa cha kichwa. Amepita barabara ileile iliyomchukua mume wangu Asumani. Nalisema hili mara moja tu, nalo ni zito. Wakati wa vita tulikuwa tunakimbia kwenye barabara ya Kabambare, mimi, Asumani na Ramazani aliyekuwa bado mvulana. Asumani alirudi nyuma kuchukua baiskeli yake ya kuuzia chumvi, risasi ikampata. Nilimfunika na kitenge changu cha picha za vifaranga. Hatukuwa na jembe wala koleo. Mimi na Ramazani tulichimba kaburi kwa vifuniko vya sufuria.

Mama aliwatilia wageni chai ya tangawizi, akampa mama Leoni kikombe kwa mkono wake mwenyewe, akipapasa kutafuta mkono wa mwenzake. Mama Leoni akanywa, akaomba tena. "Mama Feza, chai yako inaweza kufufua mutu," alisema. Wakacheka wote wawili. Kisha mama akanitilia mkobani samaki wa kukaushwa kutoka Nyangwe, wamefungwa kwa majani na gazeti, zawadi ya kitinda mimba.

Barabara ya Kindu siisimulii sana, kila mtu wa Maniema, mkoa wetu, anaijua mgongoni mwake. Madaraja ni magogo, na pale magogo yalipooza unashuka, unavua viatu, unasukuma pikipiki pamoja na mwenye pikipiki, na nauli haipungui kwa kusukuma kwako. Mama Leoni alikumbatia mikeka njia nzima kama mtu aliyebeba mgonjwa. Tukavuka Lualaba, tukalala Kindu, tukapata ndege ya Kinshasa. Huko Kinshasa tuliulizwa maswali mengi dirishani kwa ajili ya viza, kubwa likiwa kama kweli tutarudi. Mama Leoni alimwambia yule binti wa dirishani kwamba ana muhogo shambani, nani atamvunia? Nilitafsiri hivyohivyo kwa Kifaransa, tukapigwa mhuri.

Firenze tulifika asubuhi yenye baridi kavu. Mwenyeji wetu alikuwa mjane mmoja, Signora Karla, mwembamba, mwenye huruma nyingi na chakula kidogo. Alikuwa anasema Kifaransa cha kuokoteza kama changu. Alituonyesha chumba, akatuonyesha jinsi ya kufungua maji ya moto, kisha akatuonyesha tena, akihofia labda hatujawahi kuona maji.

"Kwenu kuna majengo ya zamani?" aliniuliza mezani.

"Yapo."

"Watu wanakuja kuyaona?"

Nilifikiria Kasongo, mji ambao babu zetu wafanyabiashara waliujenga kwa pembe na kwa migongo ya watu. Nilifikiria Nyangwe, soko lililojulikana dunia nzima, ambalo leo hata kibao cha kusema "hapa palikuwa" halina. "Mvua inakuja kuyaona," nikamjibu. Alidhani ni mzaha.

Mji wao ni mzuri, sitaki kusema uongo kwa sababu ya hasira. Kila jiwe lina mtu wa kulisimulia. Asubuhi barabara zinajaa makundi ya watalii, na mbele ya kila kundi kiongozi amenyoosha juu mwavuli uliofungwa au kijibendera, na watu wazima wenye mvi wanamfuata mbiombio wasipotee. Mama Leoni aliwatazama siku ya kwanza, akasema: "Kwetu watu wakifuata fimbo hivi, ni mbuzi."

Ramazani alikuja sokoni siku yetu ya pili. Nilimtambua kwa mwendo kabla ya uso. Amenenepa, ana koti zuri na viatu vya ngozi, na shingoni ana kadi yenye picha yake. Alinikumbatia mpaka mbavu zikalia. Alikuwa kiongozi wa watalii, wa wale wanaosema Kifaransa. Kila asubuhi basi linaondoka Firenze, linakwenda mji mwingine wa kale, jioni linarudi. Nilijisikia fahari, na ninaikumbuka fahari ile kwa aibu.

Nilimpa samaki. Alifungua furushi palepale nyuma ya meza yetu, akala kwa vidole, akiwa amesimama, akitafuna mpaka mifupa. Alipomaliza alinusa gazeti.

"Mama iko aje?"

"Macho inafungika. Anasema uje wakati anaona bado."

"Mwaka kesho, yaya," alisema, yaani dada yake mkubwa.

"Mwaka gani huo hauzaliwi?"

"Kuko mambo ya karatasi. Nitakuelezea." Akageuza maneno, akasema ametuwekea nafasi kwenye basi lake kwa zile siku mbili soko halifunguliwi. "Lakini mu bisi usiniite leki. Wala jina yangu. Pale niko Remi. Njo kazi yao, hawapendi mambo ya familia."

Leki ni mdogo wako, na ndivyo nilivyozoea kumwita. Nikasema sawa. Kila kazi na masharti yake. Nami nilipokuwa mwalimu sikuruhusu wanangu waniite mama darasani.

Siku ya Piza, mji wa kwanza tuliopelekwa na basi, tulikaa nyuma kabisa, mimi na mama Leoni, kama wageni wa kulipa. Ramazani alisimama mbele na kipaza sauti. Nitasema haki yake: anajua kusema. Mtoto aliyerudia darasa mara mbili kwa kushindwa kukariri nyakati za vitenzi, leo anataja wafalme waliokufa kana kwamba walikula naye jana. Anawachekesha watu, anawanyamazisha, anawachekesha tena. Tukafika kwenye ule mnara wao ulioinama. Kwetu jengo likiinama watu hutoa magodoro nje. Hawa wanasafiri nusu ya dunia, wanasimama mbele yake wamenyoosha mikono hewani ili kwenye picha waonekane wanauzuia. Mama Leoni aliuzunguka wote, akautazama chini kwenye msingi.

"Hawana mutu wa kuwaambia udongo yao ni mubaya?" aliniuliza.

"Walijua. Wakaacha hivyohivyo, watu wakapenda."

"Basi ubovu pia unauzika," akasema. Jioni ile nilicheka maneno hayo, nikamsimulia Ramazani, naye akacheka zaidi yangu.

Siku ya pili basi lilikwenda kwenye mji mdogo juu ya kilima, wenye minara mingi ya mawe. Ramazani akaeleza kwamba matajiri wa zamani walishindana nani ajenge mrefu zaidi, wakachukiana, wakauana, na sasa wajukuu wao wanauza barafu tamu chini ya minara hiyo. Tukala mkate na jibini. Jua lilikuwa zuri. Kwa mbali mashamba ya mizabibu yalipangwa safusafu, na nilijikuta nikiwaza kama mama angefurahi kuona, hata kama ni kwa ukungu.

Safari ya kurudi ndiyo niliyoifuata Italia bila kujua. Basi lilikuwa limenyamaza, watu wanasinzia. Kiti cha mbele alikaa bibi mmoja Mbelgiji mwenye kofia nyeupe, ambaye ilionekana amewahi kusafiri na Ramazani kabla. Akageuka, akawaambia wenziwe kwa sauti: "Remi hajawasimulia habari ya mama yake. Remi, wasimulie. Mimi mwaka uliopita nililia mpaka hotelini."

Ramazani akatazama nyuma, akanitazama mimi. Uso ule naujua tangu utotoni. Ni wa mtoto aliyesimama juu ya vigae vya chungu. Nilidhani atasema leo amechoka. Watu wakaanza kupiga makofi kidogo ya kumtia moyo. Akashika kipaza sauti.

Akasema anatoka Kabambare, mji mdogo katikati ya Kongo. Akasema siku wenye bunduki walipokuja, walikimbia, yeye na mama yake. Mama akakumbuka ameacha baiskeli yenye chumvi, mali yao yote, akarudi kuichukua, risasi ikampata. Akasema alimfunika mama yake na kitenge cha picha za vifaranga. Hapo akanyamaza, kwa ufundi. Kisha akasema hapakuwa na jembe, basi mtoto yule alichimba kaburi la mama yake kwa kifuniko cha sufuria.

Machozi yalianza kunitoka mimi kabla ya wao. Mama Leoni, ambaye Kifaransa chake kinaishia kwenye bonjour, alikuwa ananivuta mkono.

"Anasema nini? Mama Zaina, anasema nini? Mbona wote wanalia?"

"Anasema mama yake alikufa."

"Mama yake nani?"

"Mama yake. Mama. Anasema walimuua Kabambare."

Alinikazia macho. "Mama Feza? Ule mwenye alitupatia chai?"

"Ule ule."

Mama Leoni alifanya ishara ya msalaba, akaziba mdomo kwa mkono, akageukia dirishani. Baadaye sana akasema polepole, kama anaogopa basi lisisikie: "Amemulilia mutu muzima."

Mbele watu walikuwa wanapangusa macho. Tulipofika Firenze walishuka mmojammoja, na kila mmoja alimshika Ramazani mkono kwa mikono miwili, na kila mkono uliacha kitu ndani ya mkono wake. Bibi mwenye kofia alimbusu mashavuni. Ramazani aliinamisha kichwa kama mfiwa anayepokea rambirambi. Sikuwa nimewahi kuona matanga yenye mpangilio mzuri hivyo.

Pale kwenye uwanja wa mabasi, watu walipokwisha, nilimfuata.

"Leki," nilimwita, kwa sauti kubwa makusudi.

"Yaya, unisikilize kwanza."

"Niko nasikiliza. Nimesikiliza njia yote."

Akanivuta kando. Akasema nilipaswa kujua kwamba hadithi ile ndiyo karatasi yake. Alipofika, walimwuliza kwenye ofisi ya wahamiaji kwa nini wasimrudishe kwao. Angesema nini? Kwamba Kasongo hakuna kazi? Kwa hilo wanarudisha watu kila siku. Alitoa hadithi iliyokuwa karibu na mkono, wakaiandika, wakampa ruhusa ya kukaa. Sasa akikanyaga Kongo kumwona mama, watamwuliza: mama yupi?

"Njo maana siwezi kuja. Unaona sasa?"

"Ofisini nakuelewa," nilimwambia. "Mutu anazama hachagui kamba. Lakini mu bisi? Mu bisi nani alikuuliza karatasi?"

Akasema siku moja mtalii alimwuliza tu, akasimulia, akaona wamelia, na siku iliyofuata wengine wakauliza. Akasema bosi wake anapenda. Akasema si kila siku.

"Na Asumani? Ule ni bwana yangu uliweka mama ndani ya kitenge yake."

Hapo alipandisha sauti, na macho yakamjaa maji ya kweli. "Nilichimba pia, yaya! Umesahau? Kifuniko ya pili nani alishika? Vidole vyangu vilitoka damu. Ile kaburi ni yangu pia."

Ni kweli. Alichimba. Alikuwa mdogo, na alichimba kuliko mimi, maana mimi nilikuwa nazimia. Huzuni ile ni yake kama ilivyo yangu, na kama angewauzia watu wake kifo cha shemeji yake ningeumia kisha ningenyamaza.

"Kaburi ni yako," nilimwambia hatimaye. "Lakini mama haiko yako ya kutia ndani. Yeye alikatalia watu kukulilia. Alifukuza watu na fimbo juu yako."

"Mama hatajua."

"Mama Leoni alisikia."

"Mama Leoni hajui Kifaransa."

"Nilimutafsiria."

Alikaa chini kwenye ngazi ya basi, akashika kichwa. Nikamwuliza kama amesahau jambo la mlango wa nyuma. Akasema yale ni mambo ya kijijini, hapa hayapo. Lakini alisema bila kunitazama, na mkono wake ulikuwa unasugua ile kadi ya shingoni, pale palipoandikwa Remi.

Siku zilizobaki tuliuza mikeka. Iliuzika vizuri. Signora Karla aliniuliza kama nimefurahia matembezi, nikamwambia nimeona mengi. Ramazani hakuja tena sokoni; siku ya kuondoka alimtuma dereva wake na mfuko wa zawadi, ndani yake shali nene ya mama, nyeupe. Mama Leoni alipoiona nyeupe ile akasema kwa ukali: "Amemutumia na sanda." Nilimkemea, ingawa hata mimi neno hilo ndilo lililonijia kwanza.

Njia ya kurudi ilikuwa ileile kinyumenyume, Kinshasa, Kindu, pikipiki. Tofauti ni kwamba kwenda tulizungumza na kurudi tulinyamaza. Karibu na Kasongo, tulipokuwa tunasubiri vijana wapange upya magogo ya daraja, nilimwambia mama Leoni nilichoamua. Ningemwambia mama kwamba karatasi zinachelewa, basi. Ni mtu mzima, macho yamechoka, kwa nini nimtie msumari? Mama Leoni alikuwa anaosha miguu kwenye maji.

"Weye ni mutoto yake, sema unayotaka," alisema. "Lakini miye sitakula kwake. Nilisikia akililiwa. Siwezi kula na mutu ameliliwa kama haijatengenezwa. Unajua."

Nilijua. Nilitumaini tu kwamba angejali adabu kuliko desturi kwa siku moja.

Kasongo tulifika alasiri, watu wakitoka msikitini. Mama alikuwa amekaa mlango wa mbele, ameuegemea, kama alivyouegemea miaka yote ile ya kungoja. Alisikia pikipiki, akasimama. Ukungu ulikuwa umezidi. Alitazama bega langu badala ya uso.

"Uko peke yako?"

"Niko na mama Leoni."

"Nimeuliza ya mutoto wangu."

"Karatasi inachelewa, mama. Anakusalimia sana. Samaki alikula yote."

Alifurahi kwa samaki. Akatuingiza ndani, akachemsha maji mwenyewe, akakataa nimsaidie. Akampa mama Leoni kikombe, akipapasa kutafuta mkono wake kama siku ile. Mama Leoni alikipokea kwa mikono miwili. Kisha akakiweka chini.

Mama alisubiri. Asiyeona husikia, na yeye hakusikia mtu akinywa.

"Leoni. Ulipoenda, chai yangu ilifufua watu. Leo iko na nini?"

Mama Leoni akanitazama, macho yamejaa maji. Mama akageuza uso upande wangu, na uso wenyewe ukabadilika taratibu, maana yeye ni mzaliwa wa hapa na alijua kuna jambo moja tu linalomzuia mtu mwenye adabu kunywa chai ya mwenyeji wake.

"Nani alinililia?" aliuliza.

Nilisema yote. Ofisi, karatasi, basi, bibi mwenye kofia, risasi. Nilijaribu kutanguliza ofisi, nikairudia mara nyingi, ili aone mtoto alibanwa. Alisikiliza mpaka mwisho bila kunikatiza, na mama yangu ni mtu wa kukatiza.

"Alinizika wapi?"

"Kabambare."

"Kabambare!" Alicheka, kicheko kifupi, kibaya. "Miye? Hata kulala siku moja sijalala Kabambare. Leoni, unisamehe, haiko kwa kudharau kwenu. Na alinifunika na nini?"

Nilikisogeza kando kikombe cha mama Leoni.

"Zaina. Na nini?"

"Na kitenge yangu. Ile ya Asumani. Ya vifaranga."

Alinyoosha mkono, akanipata goti, akalishika. "Basi alikuiba na weye," alisema. Halafu akaomba fimbo yake.

Nilidhani anakwenda kitandani. Alitoka kwa mlango wa mbele, akaweka mkono ukutani, akaanza kuzunguka nyumba akiufuata ukuta, hatua kwa hatua, mpaka uani. Akakaa chini, kwenye udongo, karibu na mafiga, pale alipokaa mjomba. Nikakimbia nyuma yake na sahani ya wali. Nilipiga magoti, nikafinyanga tonge.

"Mama, kula. Miye pia nililia mu bisi."

"Ulilia?"

"Nililia."

"Ulinililia miye?"

Ningeweza kusema ndiyo. Neno lilikuwa jepesi, na lingemaliza kila kitu. "Hapana," nikasema. "Nilimulilia Asumani."

"Basi hauwezi. Mwenye alinililia, yeye anilishe."

Shehe alikuja, safari hii hakukohoa, alimsihi kabisa kwamba afya ni amana. Majirani walewale aliowafukuza na fimbo walikuja kumwomba. Kwa kula alikubali kesho yake, alipoona nakataa kula mimi. Alisema mfu anaweza kula kwa ajili ya walio hai. Lakini ndani ya nyumba anaingilia nyuma. Asubuhi anatokea nyuma, anazunguka ukuta kwa mkono mpaka barabarani, anakaa kuzungumza na wapita njia, jioni anazunguka tena. Ukuta wa upande ule umeanza kung'aa kwa kiganja chake. Shali nyeupe haikufunguliwa.

Ramazani anapiga simu. Anapiga sasa kuliko zamani, karibu kila Ijumaa. Naenda na simu uani, namwambia mama ni yeye. "Mwambie wafu hawashiki simu," anasema, na anaendelea kuchambua mchele kwa vidole. Nasikia kule Firenze mdogo wangu akipumua, akisubiri, kwa maana amesikia. Wasafiri hurudi na mafunzo. La kwangu ni hili tu, kwamba asiyekuwapo na lake halipo, hata kama lake ni uhai wake.

Majuzi mvua kubwa ilinyesha, mbao za mlango wa mbele zikavimba, ukawa haufunguki vizuri. Nilimwita fundi aje auchonge. Mama alisikia randa, akauliza kutoka uani tunatengeneza nini.

"Mlango wa mbele, mama."

"Mutengeneze vizuri," alisema. "Leki yako njo atapita pale. Yeye hakuna mutu alimulilia."